Nyigu Aliyeitwa kwa Jina la Babu

Kabula ng'wanone, mwanangu,

Umetoka na mdogo wako kwenda kuaga kwa shangazi zako kule Somanda, baba yako amekwenda stendi kuhakikisha kwamba kiti chako ni cha dirishani kama walivyoahidi, na mimi nimebaki na nyumba iliyonyamaza ghafla. Jua bado liko juu ya paa la jirani. Begi lako liko mlangoni, limejaa michembe ya viazi na karanga kuliko nguo. Mambo ya kula kwa wakati, kuchaji simu na kuchagua marafiki umeelezwa wiki nzima na kila aliyepita hapa, mpaka nikakuhurumia. Mimi sitayarudia.

Nataka kulijibu swali lako la Jumapili. Tulikuwa tunachambua dengu nyuma ya nyumba, ukaniuliza, "Mama, nyigu wa babu alipopoteza jina, hukuumia?" Nikacheka, kisha akaja mgeni, swali likapita. Lakini limenikaa. Hadithi ile umeisikia vipande vipande, kila mtu akimkatiza mwenzake, na siku yake kubwa wewe mwenyewe ulikuwepo, ila ulikuwa umelala. Kesho unakwenda Dodoma kusomea kompyuta, na umesema unataka kuzitumia kwa mambo ya viumbe hai. Basi ni haki yako kuipata hadithi nzima, tena kutoka kwa yule aliyekosea.

Unajua nilizaliwa Nkoma, katikati ya pamba na ng'ombe wa babu yako Maduhu. Kwetu kila kitu chenye kiuno chembamba na mwiba kiliitwa nyigu, na tulichojua kuhusu nyigu ni kukimbia. Nilipoajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ndipo nikapewa kazi ya kuchunguza wadudu wa shamba la pamba: funza wa vitumba anayetutia hasara, na vinyigu vidogo kama chembe ya mchanga vinavyotaga mayai ndani ya funza huyo na kummaliza. Niliviona kwa hadubini mara ya kwanza nikasahau kula mchana. Nilikuwa nimeishi miaka yote kati ya viumbe hawa, na nilikuwa nimewapa wote jina moja.

Wewe ulikuwa bado unanyonya nilipompata yule wa babu. Ilikuwa kijijini Sapiwi. Tulikuwa tumefukia vikombe vya plastiki ardhini pembeni mwa shamba, ili mdudu anayetembea atumbukie. Asubuhi moja nikakuta ndani ya kikombe kitu kama siafu mkubwa aliyevaa koti la manyoya. Alikuwa mweusi, kifua chekundu kama tofali lililochomwa vizuri, madoa meupe mgongoni, mabawa hana. Lakini hakuwa siafu. Alikuwa nyigu jike, wa kundi ambalo majike hutembea kwa miguu na madume huruka. Kwa furaha nikamshika kwa vidole. Alinichoma, mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko. Baba yako aliponiona ninarudi nyumbani hivyo alidhani ni nyoka, akaanza kutafuta pikipiki ya kunipeleka hospitali, na mimi nilikuwa nacheka tu.

Nilimchunguza nyigu yule kwa muda mrefu. Nilisoma kila maelezo niliyoweza kupata, mengine nakala zilizofifia hata herufi hazionekani. Nikatuma picha kwa mzee mmoja mtaalamu wa kundi hilo, katika makumbusho ya ng'ambo, naye akajibu kwamba hajapata kumwona wa namna hiyo. Basi nikaandika maelezo yake, yakachapishwa, na kwa kuwa aliyegundua ndiye anayechagua jina, nikachagua. Jina la kisayansi huwa na sehemu mbili: la kwanza lilikuwa la jenasi yake, yaani ukoo wake, hilo halina uchaguzi. La pili nililitengeneza kutokana na jina la baba yangu, likamalizikia Kilatini: maduhui.

Hukuona furaha ya mzee yule. Alichinja mbuzi. Alipokwenda mnadani kuuza ndama, watu walipomsalimia, baada ya salamu aliwaambia kwamba yeye sasa ana nyigu. Picha ya nyigu aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni juu ya kiti chake, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Watoto wa Nkoma wakaanza kumwita Guku Nyigu, yaani Babu Nyigu, na yeye, badala ya kukasirika kama babu wengine wangefanya, akawa anaitika.

Na mimi nikavimba kichwa. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, wala si lile unalolifikiria.

Baadaye kituo chetu kiliingia katika mradi wa kuyaweka maelezo ya nyigu kwenye kompyuta. Si kuyapiga chapa tu. Tatizo lilikuwa kwamba kila mwandishi, tangu enzi za wakoloni, alikuwa na maneno yake. Huyu aliandika Kijerumani, yule Kifaransa, mwingine Kiingereza. Kipande kimoja cha mgongo wa nyigu kilikuwa na majina mengi, na jina moja lilibeba vipande viwili tofauti. Binadamu mzoefu anaweza kukisia. Kompyuta haikisii. Kwa hiyo ilibidi kila kiungo cha nyigu kipewe maana moja iliyoandikwa wazi, kipewe namba yake, kisha kiunganishwe na vingine: hiki ni sehemu ya kile, kile kimeshikana na hiki. Maneno ya lugha zote yananing'inizwa kwenye namba ile ile. Mtandao huo wa maana waliuita ontolojia, na nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa.

Aliyepewa kazi ya kunifundisha alikuwa Neema, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa Dar es Salaam. Unamjua kwa sauti, ndiye yule anayekuimbia kwenye simu kila siku yako ya kuzaliwa. Wakati huo nilimwona kama mtoto asiyejua nyigu ana miguu mingapi. Nilimtumia maelezo ya nyigu wa babu yako, yale yaliyochapishwa, yale niliyojivunia. Akanipigia simu.

"Mama Kabula, umeandika mgongo una mikwaruzo. Mgongo upi?"

Nikamwambia nyigu ana mgongo mmoja. Akaniambia kwa upole kwamba katika maelezo yangu mwenyewe neno hilo nimelitumia kwa vipande vitatu. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kazi yangu ni kugundua viumbe, si kupanga maneno kwenye makabati. Kisha nikakaa bila kupokea simu zake, na mradi mzima ukanisubiri, kwa sababu ya kiburi changu tu. Hakuna aliyenikemea. Ningependa kukuambia kwamba nilijirudi mwenyewe, lakini ukweli ni kwamba nilirudishwa na ng'ombe.

Ilikuwa hivi. Ng'ombe jike mmoja wa babu yako alipotea machungani. Nilikuwa Nkoma siku alipokuwa anaulizia, akiongea kwa simu na mtu wa kijiji cha Shishiyu ambaye hajawahi kumwona. Alimweleza ng'ombe kwa Kisukuma. Neno moja la rangi na jinsi madoa yalivyokaa, neno jingine la pembe, jingine la nundu. Maneno machache tu. Yule mtu wa Shishiyu akasema, "Huyo yuko kwenye zizi langu, njoo umchukue." Hawakutumiana picha. Kilichomrudisha ng'ombe nyumbani ni kwamba watu wawili wasiojuana walikuwa na maneno yale yale, na kila neno lilikuwa na maana moja kwao wote.

Nilimpigia Neema siku hiyo hiyo, nikamwomba radhi na kumsimulia. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, "Sasa umenielewa. Mgongo upi?" Tukaanza upya, kipande kwa kipande. Kabula, hiyo ndiyo miaka uliyoniona napika huku nimebana simu begani, nikibishana na mtu kuhusu fumbatio, yaani tumbo la nyigu, linaanzia wapi. Tulitafutia kila kiungo neno la Kiswahili pia, tukalining'iniza kwenye namba yake pamoja na yale ya Kijerumani na Kiingereza. Sijapata kufurahia kazi kama nilivyoifurahia ile.

Kazi ilipokuwa imefika mbali, Neema akaiuliza kompyuta swali ambalo hakuna mtu angeweza kulijibu kwa kusoma makaratasi. Katika kundi hili dume na jike hawafanani hata kidogo, kwa hiyo wengi wanajulikana upande mmoja tu: dume anaelezwa peke yake, jike anaelezwa peke yake, na hakuna anayejua ni wa nyumba moja. Lakini kuna viungo vichache ambavyo dume na jike hushabihiana. Neema akaomba waliopatikana karibu karibu, wanaoshabihiana viungo hivyo. Kisha akanipigia.

"Mama Kabula, nina dume hapa hana mke."

Alikuwa dume aliyeokotwa Shishiyu zamani sana, akaelezwa kwa Kijerumani, akahifadhiwa ng'ambo. Chini ya fumbatio alikuwa na kinundu chenye umbo ambalo nililijua kabla Neema hajamaliza sentensi. Nilikuwa nimekieleza mwenyewe, kwa jike wa Sapiwi.

Elewa maana yake. Kama hao wawili ni spishi moja, basi jina la kwanza kutolewa ndilo linalobaki. La kwanza lilikuwa la yule dume. Jina la babu yako lingeanguka.

Mkuu wangu wa kazi wakati ule alinishauri nisihangaike. Alisema kufanana kwa kinundu si ushahidi, na kama ni kweli, wengine wataligundua wakitaka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ananionea huruma. Nami nikakaa na ushauri wake majuma kadhaa, nikifanya kazi nyingine, nikijiambia kwamba msimu wao bado. Msimu ukafika. Nikaona kwamba kuna kitu nilikuwa nakitaka kuliko jina: nilitaka kumwona huyo dume akiwa hai. Nilitaka kujua. Hamu hiyo ndiyo iliyoniokoa, wala usidhani ilikuwa uadilifu mkubwa.

Tulikwenda Sapiwi mimi, wewe, na babu yako. Yeye hakualikwa. Alisikia kwamba naenda kumtafutia nyigu wake dume, akasema haiwezekani binti aposwe mzee wake akiwa hayupo. Nikamwacha aje. Lile lililobaki, la jina, sikumwambia. Hapo nilikosea. Alistahili kujua anakwenda kuangalia nini.

Nilikuwa nimepata jike mpya, nikamtia kwenye machujio mawili ya chai niliyoyafunga mdomo kwa mdomo, nikamtundika kwenye kijiti kwenye mchanga pembeni mwa shamba, upepo upite. Jike wa aina hii hutoa harufu ambayo sisi hatuisikii, dume huisikia kutoka mbali. Tukakaa kwenye kivuli cha mgunga. Wewe ukala mahindi ya kuchoma, ukauliza maswali yako yote, ukalala juu ya kanga yangu. Babu yako alikaa na fimbo yake magotini, kama mtu aliye kanisani.

Dume akaja jua lilipopamba moto. Alitoka upande unakoelekea upepo, akiyumba kushoto na kulia. Alikuwa mweusi tii, mwembamba, mabawa ya moshi, hafanani na yule wa ndani ya chujio kwa lolote. Akatua kwenye wavu. Akazunguka, akatafuta pa kuingilia. Kisha akaja mwingine. Kamera nikaisahau mapajani.

Babu yako akasema kwa sauti ya chini, "Mkwe amefika."

Nikaona siwezi kuendelea hivyo. Nikamwambia yote, pale pale, macho yangu yakiwa kwenye chujio. Kwamba dume huyu alishapewa jina zamani kabla yetu. Kwamba kanuni ni kanuni. Kwamba nyigu wake hataitwa tena kwa jina lake, na mtu wa kuandika hivyo ni mimi.

Nilisikia mbuzi wa mtu wakilia upande wa pili wa shamba. Hatimaye akauliza, "Kwa hiyo huyu binti alikuwa na mume siku zote?"

"Ndiyo, baba."

"Na sisi hatukujua."

"Hatukujua."

Akageuza fimbo mkononi. "Na huyo mume anaitwa nani?"

Nikamwambia jina lile, tristis, na kwamba kwa Kilatini maana yake ni mwenye huzuni. Mjerumani aliyemweleza kwanza alimpa kwa sababu ya weusi wake.

Babu yako akamwangalia dume anayezunguka juu ya chujio. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake kinachoanzia tumboni. Akasema, "Angekosaje huzuni, miaka yote hiyo peke yake ng'ambo kwenye sanduku. Mfungulie mkewe."

Nilifungua chujio. Hilo ndilo nililoliona na wewe ukalikosa kwa usingizi: dume akamchukua jike wake ambaye hana mabawa, akaruka naye. Walikwenda chini chini juu ya pamba, wakayumba, wakapotea. Nilitakiwa niwakamate niwahifadhi kama ushahidi. Ilibidi nirudi siku nyingine nipate wawili wengine, na nilipata. Lakini wale wa kwanza siwezi kujilaumu kwa ajili yao. Babu yako alikuwa amesimama, amevua kofia.

Niliandika makala ya kulifuta jina la maduhui kwa mkono wangu. Mzee mtaalamu wa ng'ambo aliniandikia akisema naye alikosea pamoja nami. Mkuu wangu akasoma, akatikisa kichwa, akatia saini. Na pale Nkoma babu yako akachinja mbuzi wa pili, mkubwa kuliko yule wa kwanza, akasema ni wa harusi. Mwalimu wa dini alipoombwa kubariki alikataa kuombea nyigu, lakini alikaa akala mpaka mwisho. Picha ya dume ikawekwa kwenye fremu kando ya ile ya jike, na hapo ndipo ukuta ule ukafanana kweli na ukuta wa watu wengine.

Jambo moja lilinifurahisha sana, na naliandika hapa kwa sababu litakuwa kazi yako. Niliogopa kwamba jina la babu litafutika kabisa. Neema akanionyesha kwamba kwenye mtandao wetu hakuna kinachofutwa. Maduhui ipo, imeunganishwa na tristis, na imeandikwa nani alisema nini na nani alimsahihisha. Ukitafuta jina la babu yako, unapelekwa kwa nyigu mzima, dume na jike, Shishiyu na Sapiwi. Nilipomweleza mzee, alisema, "Kwa hiyo ukiniita mimi, anaitika mkwe." Nadhani hakuna aliyewahi kuieleza vizuri kuliko hivyo.

Sasa jibu. Ndiyo, niliumia. Niliumia njiani kwenda Sapiwi, na niliumia majuma yale nilipokuwa najificha. Siku ile yenyewe sikuumia hata kidogo. Kosa lilinisumbua muda wote nilipokuwa nalizunguka, na nilipolikaribia nilikuta ni mlango, nyuma yake kuna nyigu wawili wakiruka pamoja. Nimekosea mara nyingi tangu hapo, na si mara zote nimekuta kitu kizuri namna hiyo. Ila nimejifunza kwenda kuangalia mapema zaidi.

Na nilikukosea wewe pia. Uliposema unataka kompyuta nilinuna mwezi mzima. Nilitaka uende porini, uchafuke viatu kama mimi. Nilikuambia kompyuta haina harufu ya mvua. Mimi, niliyefundishwa na Neema kuona mgongo wa nyigu wangu mwenyewe. Uliendelea kujaza maombi ya chuo, na jioni ukanipikia chai kama kawaida. Nakushukuru kwa ukaidi ule wa upole. Wabeja, Kabula.

Huko uendako utakutana na watu wanaotumia maneno yako kwa maana zao. Utabishana nao, wakati mwingine mtabishana mkiwa mnasema kitu kimoja. Usiharakishe kuwaona wajinga, wala usiharakishe kujiona mjinga. Uliza. Halafu cheka pale inapowezekana, maana kazi hii ina vichekesho vingi kuliko wanavyoandika kwenye vitabu.

Nilitaka kuandika zaidi lakini pikipiki imesimama nje, na nasikia babu yako akigombana na dereva kuhusu kuku aliyemfunga nyuma. Umeshafika nawe, nasikia unacheka. Nimechungulia dirishani: babu yako amevaa suti yake ya kanisani, tai, na viatu vipya vinavyombana, kwa sababu kesho anakusindikiza stendi. Anamwambia mdogo wako kwamba atalala navyo miguuni ili basi lisimwache, ilhali wewe ndiye unayesafiri.

Acha nitoke nikamvue viatu.

Mama